Gari la Chama Lililozama: Lisiwashwe kwa Pupa, Wala Jingine Lisinunuliwe kwa Pupa



Ukiacha ghala na kiwanja lilipojengwa, chama cha msingi kwa kawaida hakina mali yenye thamani kubwa kuliko gari lake. Gari ndilo linaloleta mbolea na magunia kabla ya msimu, ndilo linalokusanya mazao vijijini, na mara nyingi ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane pale ambapo hakuna gari jingine. Nalo halikununuliwa na mtu mmoja. Lilinunuliwa kwa makato ya kila kilo iliyopimwa mizanini, pamoja na kilo za yule mjane aliyeleta gunia moja tu. Kwa hiyo gari likipatwa na maafa, hasara si ya dereva wala ya katibu, bali ni ya wanachama wote.

Maafa ya maji si habari ngeni kwetu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na reli katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Desemba 2011 mafuriko yaliikumba Dar es Salaam. Desemba 2023 maporomoko ya matope yaliufunika mji wa Katesh wilayani Hanang, na katika masika ya mwaka 2024 bonde la Rufiji lilijaa maji hata mashamba na nyumba zikazama. Hapana chama kinachoweza kusema kwa hakika kwamba zamu yake haitafika.

Makala haya yanaeleza mambo mawili: namna ya kulishughulikia gari lililozama majini, na namna ya kupata jingine pasipo kununua hasara ya mtu mwingine. Fundisho lake ni moja. Hasara ya kwanza huletwa na maji; hasara ya pili, ambayo mara nyingi huipita ya kwanza, huletwa na haraka yetu wenyewe.

KWANZA NI MAISHA YA WATU

Gari laweza kununuliwa tena. Dereva na wapakiaji hawanunuliki. Maji yenye kina cha sentimita 15 tu hufika kwenye tumbo la magari mengi madogo, na yaweza kumfanya dereva ashindwe kuliongoza gari. Sentimita 30 hutosha kuyaelesha mengi ya magari hayo. Maji yendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyasomba magari mengi, pikapu zikiwamo. Lori ni zito zaidi, lakini dereva wa lori naye haoni kama barabara iliyo chini ya maji imebomoka. Basi Bodi na imwambie dereva waziwazi, tena kwa maandishi, kwamba hatalaumiwa kwa kuchelewesha mzigo kwa sababu ya mto uliofurika. Dereva anayeogopa kukaripiwa ndiye anayejaribu kuvuka.

Maji yakiisha kupwa, mtu asilikaribie gari akiwa peku. Avae mabuti na glavu, na mwenye kidonda asiingie kabisa. Maji ya mafuriko huchanganyika na vinyesi, na kama ghala limezama, huchanganyika pia na viuatilifu. Homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022, huenezwa kwa maji na udongo wenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na vijidudu vyake huweza kuingia mwilini kupitia michubuko. Nyoka nao hupenda kujificha chini ya viti. Waya wa umeme ukiwa umeangukia gari au karibu nalo, watu wote wakae mbali mpaka watu wa umeme wafike.

Iko hatari nyingine ambayo wazee wetu hawakuijua. Siku hizi yanaingia magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, yenye betri kubwa na nyaya nene za rangi ya chungwa. Betri hizo zikilowa, hasa kwa maji ya chumvi, zaweza kuwaka moto saa au siku kadhaa baadaye. Oktoba 2012, tufani ya Sandy ilipoingiza maji ya bahari katika bandari ya Newark nchini Marekani, magari ya aina hiyo yaliyoegeshwa pale yaliungua. Gari la namna hii likizama lisiegeshwe ndani ya ghala wala kando yake. Liwekwe mahali pa wazi, si chini ya mita 15 kutoka jengo lolote, na lisiguswe ila na fundi anayelijua.

KWA NINI GARI LISIWASHWE

Tuchukue mfano. Mvua imenyesha usiku kucha, na lori la chama lilikuwa limeegeshwa bondeni. Asubuhi maji yamepungua, lori lina tope hadi kwenye milango, na dereva kwa nia njema anasema, "Katibu, tulisukume kidogo, litawaka." Neno hilo moja laweza kukigharimu chama injini nzima.

Injini hufanya kazi kwa kuvuta hewa na kuibana. Katika injini ya dizeli hewa hubanwa mpaka ibaki kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita, au hata moja ya ishirini, ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Maji yakiwa yameingia kupitia chujio la hewa, pistoni inapopanda hugonga kitu kisichorudi nyuma. Hapo mkono wa pistoni hupinda au hukatika, na pengine hutoboa bloki. Injini ambayo ingeokolewa kwa kumwagwa maji na kubadilishwa oili huwa chuma chakavu kwa dakika moja.

Kwa sababu hiyo, gari lililozama lisiwashwe kwa ufunguo, wala kwa kusukumwa, wala kwa kuvutwa na trekta. Hata kuzungusha ufunguo ili kuona kama taa zinawaka ni kosa, maana umeme ukipita katika nyaya zilizolowa huweza kuunguza vifaa vya kuongozea injini. Likitakiwa kuhamishwa, yafaa lipakiwe juu ya gari jingine. Magurudumu yakiviringika, huzungusha difu na beringi zilizojaa maji na mchanga.

KAZI ZA SIKU ZA MWANZO

Katibu na azifuate hatua hizi kwa utaratibu wake:

(a) Aandike kumbukumbu. Ataje tarehe na saa, mahali gari lilipokuwa, maji yalifika wapi, yalikaa muda gani, na kama yalikuwa ya mto au ya bahari. Apige picha kwa simu kila upande, akionyesha alama ya tope, namba ya usajili, namba ya chesisi na saa ya kilomita kama inasomeka pasipo kuwasha umeme. Picha hizo zihifadhiwe mahali pawili.

(b) Betri ifunguliwe, waya wa hasi kwanza kisha wa chanya, baada ya maji kuondoka kabisa. Hili halihusu magari yenye betri kubwa tuliyoyataja juu.

(c) Kampuni ya bima ipewe taarifa siku hiyohiyo, kwa simu na kwa barua. Nakala ya barua ibaki katika jalada.

(d) Milango ifunguliwe ili upepo upite, na tope litolewe. Viti na mazulia vikiondolewa, visitupwe kabla mtathmini wa bima hajaviona.

(e) Fundi achungulie oili kwa kile kijiti chake. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, au imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamo ndani. Ikionekana safi, bado si kibali cha kuwasha gari, kwani maji yaweza kuwa juu ya pistoni.

(f) Baada ya bima kukubali, fundi amwage oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, na abadilishe mafuta ya breki. Atoe dizeli yote tangini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli nayo hukaa chini kabisa, mahali pampu inapovuta. Afungue nozeli, au plagi kama ni injini ya petroli, kisha azungushe injini kwa mkono mpaka maji yatoke. Oili chafu ikusanywe katika pipa. Isimwagwe shambani wala mtoni.

KUPIMA KINA CHA MADHARA

Mstari wa tope ndio shahidi wa kwanza. Maji yakiwa hayakufika kwenye sakafu ya kebini, mara nyingi madhara yako kwenye beringi za magurudumu, breki na difu, na gari huweza kupona likihudumiwa upesi. Yakiwa yamepita sakafu na kufikia viti, nyaya, masanduku ya umeme na mikanda ya usalama vimeguswa. Yakiwa yamefunika dashibodi, ni nadra matengenezo yawe na faida. Na kama maji yalikuwa ya bahari, hali ni mbaya zaidi kwa kila ngazi, kwa sababu chumvi huendelea kula chuma na shaba hata baada ya gari kukauka.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Gari laweza kuwaka baada ya kukaushwa, likaunguruma vizuri, na fundi akapongezwa. Lakini maji hufanya kazi polepole. Mafuta ya breki yaliyochanganyika na maji huchemka upesi yanapopata joto, na mafuta yanayochemka hayasukumi breki. Grisi iliyooshwa huacha beringi kavu, na beringi kavu hukwama au kuvunjika barabarani. Viungo vya nyaya huota kutu ya kijani, na miezi kadhaa baadaye taa huzimika usiku. Mifuko ya hewa ya kumkinga dereva yaweza isifunguke siku ya ajali. Hebu mwanachama afikirie dereva anateremka mlima akiwa na mzigo kamili wa kahawa na wapakiaji wawili, naye anakanyaga breki hazishiki. Hasara ya siku ile haitaandikwa kwenye daftari la fedha peke yake.

HABARI YA BIMA

Makatibu wengi husema, "Gari letu lina bima," bila kueleza ni bima gani. Ile iitwayo bima ndogo hulipa madhara wanayopata watu wengine kwa sababu ya gari letu. Hailipi gari letu lenyewe. Bima kubwa ndiyo inayoweza kulipa gari lililozama, nayo pia ni sharti isomwe ili kuhakikisha kwamba mafuriko yamo na hayakutolewa. Kazi hii ifanywe kabla ya masika, si baada yake. Uhalali wa bima huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, ili chama kisije kikagundua siku ya maafa kwamba kilinunua karatasi tupu.

Mambo matatu yafaa yakumbukwe. Kwanza, kampuni kwa kawaida hulipa thamani ya gari ilivyokuwa siku ya hasara, si bei tuliyolinunulia. Pili, kampuni ikiamua kwamba gari limeharibika kabisa na kulipa thamani yake yote, mabaki kwa kawaida huwa mali ya kampuni, isipokuwa pamekuwa na makubaliano mengine. Makubaliano hayo yawe ya maandishi. Tatu, kama gari liliwekwa rehani benki, benki ina haki juu ya malipo hayo na ni lazima ishirikishwe. Chama kisiporidhika na uamuzi wa kampuni, kiko chombo cha kukipelekea malalamiko, nacho ni Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

KUTENGENEZA AU KUACHANA NALO

Pasipo fidia ya bima, Bodi hukabiliwa na swali gumu. Wengi hulijibu kwa kulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari jipya. Hesabu hiyo ina upungufu. Hebu tutazame mfano wa kubuni.

Kabla ya mafuriko pikapu ya chama ilikuwa na thamani ya shilingi milioni 30. Fundi anadai milioni 17 kuitengeneza. Mjumbe mmoja anasema, "Milioni 17 ni pungufu ya 30, basi tutengeneze." Lakini pikapu iliyowahi kuzama, hata ikitengenezwa vizuri, haiuziki kwa milioni 30, tuseme inafikia 20. Nako kuna mnunuzi wa vipuri aliye tayari kuinunua ilivyo kwa milioni 9. Tukitengeneza, tunatoa 17 ili tupate kitu cha thamani ya 20. Faida ni milioni 3. Tukiuza ilivyo, tunabaki na milioni 9 mkononi bila kutoa kitu. Katika mfano huu kutengeneza kunakipunja chama milioni 6, na bado hatujahesabu marudio ya gereji.

Basi maswali ya kuuliza ni manne: Matengenezo yote, pamoja na yale ya baadaye, yatagharimu kiasi gani? Gari litakuwa na thamani gani likishatengenezwa? Mabaki yake yana bei gani leo? Na chama kitakodi gari kwa fedha ngapi wakati wa kungoja? Majibu yaandikwe na fundi asiye na maslahi, tena si yule atakayepewa kazi ya kutengeneza, kisha yasomwe mbele ya wanachama. Uamuzi wa kuuza mali ya chama ufuate Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama, na idhini ya Mrajis ipatikane pale inapotakiwa.

TUSIMUUZIE MWENZETU HATARI

Chama kikiamua kuuza, hati ya mauzo iseme waziwazi kwamba gari lilizama, tarehe gani, na maji yalifika wapi. Najua itasemwa kwamba maneno hayo yatashusha bei. Ni kweli yatashusha. Lakini atakayelinunua naye ana dereva na abiria, na huenda ni chama kingine kama chetu. Ushirika uliojengwa ili mkulima asipunjwe mizanini hauwezi kumpunja mtu mwingine gerejini.

Tena umiliki uhamishwe rasmi katika Mamlaka ya Mapato kabla gari halijaondoka. Gari likiuzwa kwa kupeana kadi tu, jina la chama hubaki katika kumbukumbu, na madai ya ajali au faini yatakuja kubisha hodi mlangoni kwetu. Kama mabaki yatakatwakatwa kuwa vipuri na chuma chakavu, usajili wake ufutwe, ili kadi yake isije ikavishwa gari la wizi.

KUNUNUA JINGINE

Magari yaliyozama hayapotei duniani. Hukaushwa, husuguliwa, hupakwa manukato, kisha mengine huuzwa mbali na mahali yalipozama. Mengi ya magari tunayonunua hutoka Japani, nchi iliyopigwa na tsunami tarehe 11 Machi 2011, na mafuriko ya magharibi mwa nchi Julai 2018, na tufani ya Hagibis Oktoba 2019. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilifurikisha barabara za Dubai, mji ambao nao huuza magari mengi Afrika. Wala si lazima kwenda ng'ambo: magari yaliyozama hapahapa nchini nayo yamo sokoni. Si kila gari litokalo huko ni bovu, ila kila mnunuzi na awe macho.

Kwa gari la Japani, muuzaji atakiwe kutoa karatasi ya ukaguzi wa mnada. Karatasi hiyo huonyesha daraja la gari na kasoro zake. Herufi R huashiria gari lililotengenezwa baada ya kuumia. Muuzaji anayekataa kuitoa, au anayetoa nakala isiyosomeka, aachwe.

Gari lenyewe likaguliwe mchana, na fundi wa chama, kwa kufuata orodha hii:

1. Milango ikae imefungwa kwa muda, kisha ifunguliwe na kunuswa. Harufu ya uvundo, au manukato makali mno, ni dalili.

2. Mikanda ya usalama ivutwe mpaka mwisho wake. Waosha magari hawafiki huko, na mstari wa tope huonekana.

3. Zulia liinuliwe, na reli za viti na skrubu zilizo chini ya dashibodi zitazamwe. Kutu mahali pasipopata mvua haikuja yenyewe.

4. Tundu la tairi la akiba, ndani ya taa za mbele na sanduku la fyuzi vichunguliwe kama vina mchanga, ukungu au kutu ya kijani.

5. Zulia jipya katika gari kuukuu liulizwe sababu yake.

6. Oili zote zichunguzwe, kila swichi ijaribiwe, kisha gari liendeshwe katika barabara mbovu na katika mteremko, si kuzunguka uwanja wa muuzaji.

7. Namba za chesisi na injini zilinganishwe na kadi, na ihakikiwe kama gari linadaiwa kodi au limewekwa rehani.

Ununuzi usiachiwe mtu mmoja. Waende watu watatu: mjumbe wa Bodi, katibu na fundi, na kila mmoja atie sahihi taarifa yake. Fedha zilipwe katika akaunti ya benki ya muuzaji, si mkononi, na pasitolewe malipo ya awali kwa sababu tu mtu amesema kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani. Msimu ukiwa umekaribia, ni afadhali kukodi lori kwa wiki tatu kuliko kununua kwa siku moja gari litakaloliza chama kwa miaka mitatu.

KUJIANDAA KABLA YA MVUA

Yako mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuchagua mahali pa juu pa kuegeshea gari wakati wa masika, na kumkabidhi mtu mmoja jukumu la kulihamisha mawingu yanapokuwa mazito, hata kama ni sikukuu. La pili ni kutenga akiba ya uchakavu. Gari lililonunuliwa kwa milioni 40 na kutarajiwa kutumika miaka 8 ladai milioni 5 kila mwaka ziwekwe kando. Chama chenye akiba hiyo huweza kungoja mtathmini, kikachagua kwa utulivu na kumkataa muuzaji mwongo. Chama kisicho nayo husukumwa na shida, na mwenye shida hauliziwi bei.

Ndugu Katibu, isome orodha hii katika kikao kijacho cha Bodi, dereva naye akiwapo, kisha ibandikwe ofisini karibu na mahali unapotundikwa ufunguo wa gari. Siku maji yatakapokuja hapatakuwa na nafasi ya kutafuta jalada. Itatosha kama yule atakayeunyosha mkono kuuchukua ufunguo ule atasoma kwanza, naye akaurudisha mahali pake.